Busu la Tanuri

Watu wengi hudhani mwokaji wa mikate anaungua mikono. Mikono ni ya wanaojifunza. Sisi wa siku nyingi tunaungua ubavu. Tanuri letu limejengwa kwenye kona, kwa hiyo kila anayetia mikate husimama kwa namna moja tu: bega la kulia limeuelekea mdomo wa tanuri, mikono yote miwili iko kwenye mpini mrefu wa ubao wa kutilia mikate. Moto unakupiga upande huohuo kila siku ya Mungu. Shavu la kulia linaiva, mkono wa kulia unaiva, na hata kifua upande huo, chini ya nguo, hupata rangi yake. Mama mkwe wangu, aliyelijenga tanuri na kuniachia, aliiita rangi hiyo busu la tanuri. Hatukuiogopa. Tuliionea fahari, maana asiyekuwa nayo tulijua hafanyi kazi.

Bekari ni yetu watu watatu. Mimi natia mikate na kuitoa. Wifi yangu, dada wa mume wangu, anapima unga, anakanda, ananipokea ubao nikichoka, na anasema. Kusema ndiyo kazi anayoifanya bila kupumzika. Mume wangu anasambaza mikate madukani kwa gari, na akirudi hutukuta tunagombana, hunawa mikono, hunywa chai yake. Alishazoea. Mimi na wifi hatujawahi kumaliza siku bila kurushiana maneno, wala kuianza bila kuulizana tumelalaje. Nina hasira za karibu, sifichi. Lakini sina kinyongo, nikishafoka, nimemaliza.

Kitu kimoja hatubishani: kidole gumba. Donge la unga lililoumuka huliulizi kwa saa ya ukutani. Unalibonyeza. Shimo likirudi haraka, bado, liache mezani. Likirudi polepole, liko tayari, lipeleke motoni. Shimo likibaki palepale, umechelewa, donge limepitiliza. Mama mkwe alitufundisha hivyo sote wawili, na tangu hapo hatukuhitaji mwalimu mwingine.

Basi siku moja nikiwa naoga nikaona baka kwenye titi la kulia, juu ya chuchu. Lilikuwa na rangi ya zambarau iliyofifia. Ngozi nyeusi kama yangu haigeuki nyekundu kama nyanya. Inakolea tu, kama ya mtu aliyejigonga jana. Nikaligusa. Lina joto. Nikacheka peke yangu bafuni. Tanuri hili halina adabu, limenibusu hadi ndani ya sidiria. Nikajifuta, nikavaa, nikaenda kazini.

Siku zikapita na baka likatambaa. Sidiria ikaanza kubana upande mmoja. Nikailaumu sidiria, nikanunua nyingine, na hiyo nayo ikabana upande uleule. Wifi hakukosa la kusema.

"Wifi, unanenepa nusu nusu siku hizi? Au unameza hamira?"

"Meza wewe, labda itakuumua akili," nikamjibu.

Lakini jioni yake nilijifungia chumbani nikajipapasa kama walivyokuwa wakifundisha redioni. Nilizungusha vidole taratibu titi zima, nikapanda hadi kwapani, nikarudia upande wa pili. Nilikuwa natafuta kinundu. Kinundu hakikuwepo. Titi lilikuwa zito, limejaa, linawaka, lakini kinundu hakuna. Nikashusha pumzi. Mimi nilichokijua ni kwamba kansa ya titi ni kinundu. Pasipo kinundu, hakuna kansa. Na mimi nikijua jambo, najua kwa sauti kubwa.

Ni wifi aliyenipeleka zahanati, tena kwa kunisukuma. Daktari alikuwa mwanamke mwenye macho makavu, hacheki ovyo. Aliliangalia titi, akalilinganisha na mwenzake, akanipima homa. Sikuwa na homa.

"Unanyonyesha?"

"Daktari, mwanangu wa mwisho anajifunga kamba za viatu mwenyewe."

"Kuna jeraha lolote? Umejigonga?"

Nikamweleza habari za tanuri na busu lake. Alisikiliza mpaka mwisho, na hilo nikampendea.

"Basi na tanuri tutalihesabu miongoni mwa washukiwa," akasema. "Hii inafanana na maambukizi ya titi. Nakupa antibayotiki. Lakini maambukizi ya namna hii kwa mtu asiyenyonyesha siyaamini sana. Ukimaliza dozi na titi halijarudi kuwa kama zamani, unarudi hapa. Usiniambie ulikuwa unalipatia muda. Unarudi."

Dozi niliimeza yote, kidonge baada ya kidonge, kama mtoto mtiifu. Titi halikusikia. Hapo sasa ndipo busu la tanuri liliponipa utetezi mzuri. Nilijiambia, litaponaje na kila siku nalirudisha motoni? Kidonda ukikitonesha kila asubuhi, dawa ifanye nini? Hoja ilikuwa tamu, na mwenye nayo nilikuwa mimi.

"Daktari alisema urudi," wifi akaniambia huku anakanda.

"Alisema nirudi kama halijabadilika. Limebadilika."

"Limebadilikaje?"

"Limeongezeka."

Akalipiga donge mezani mpaka unga ukaruka. "Wewe ungekuwa mtoto wangu ningekuchapa!"

Ningebishana naye hadi leo kama si ufa. Tanuri lilikuwa na ufa mdogo pembeni mwa mdomo, tunauona, tunapita. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema, na kweli asubuhi moja matofali ya juu yakashuka yote, yakafukia mikate iliyokuwa ndani. Tukazima moto. Fundi akaja, akagonga hapa na pale, akatikisa kichwa. Alisema atabomoa upande mzima na kuujenga upya, na tofali jipya lisiguswe na moto kabla halijakauka vizuri.

Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, bekari ilipoa. Hujui jinsi joto linavyokaa na wewe mpaka liondoke. Kuta zilikuwa baridi, meza ya bati baridi, na fundi alikuwa anapiga mluzi humo ndani mwa tanuri kama yuko kwake. Mimi na wifi tulifagia, tukaosha vyombo, tukapanga magunia, tukagombana kidogo ili tusipoteze mazoea. Siku zikawa nyingi.

Asubuhi moja wifi akapandisha mkono wa gauni. "Tazama! Busu limeondoka. Nimerudi kuwa msichana."

Nikatazama. Kweli, mkono wake wa kulia ulikuwa sawa na wa kushoto. Nikatoka nje, nikainama kwenye kioo cha pembeni cha gari la mume wangu. Shavu langu la kulia nalo lilikuwa limepoa, rangi moja na la kushoto. Nilitabasamu. Kisha tabasamu likaniganda, maana nilikumbuka kwamba asubuhi ile, nilipovaa, titi lilikuwa linawaka kuliko jana.

Nikaingia stoo, nikajibanza nyuma ya magunia ya unga, nikafungua vifungo. Mwanga wa dirishani ulikuwa mwingi na haukuficha kitu. Titi la kulia lilikuwa kubwa kuliko la kushoto kwa namna ambayo hata mpita njia angeiona. Lilikuwa na rangi ya zambarau tangu juu hadi chini. Ngozi ilikuwa imekuwa nene, ina vitundu vidogo vidogo kama ganda la chungwa. Chuchu, iliyokuwa imesimama miaka yote, ilikuwa imeanza kuingia ndani. Na mshono wa sidiria ulikuwa umeacha mfereji kwenye ngozi ambao haukuwa na haraka ya kufutika.

Tanuri limepoa. Mimi bado nawaka.

Sijui ni mazoea au ni Mungu, lakini mkono wangu ulipanda wenyewe. Nikaweka kidole gumba juu ya titi, nikabonyeza, nikaachia. Nikangoja. Shimo likabaki. Nikangoja tena, fundi akamaliza kupiga mluzi wimbo mmoja akaanza mwingine, na shimo lilikuwa palepale linanitazama. Niliogopa. Nimewahi kuungua, nimezaa, nimezika, na sijawahi kuogopa kama nilivyokiogopa kile kishimo kisichotosha hata kuweka punje ya mahindi.

"Wifi!" nikaita.

Akaja huku anaongea, sijui alikuwa anasema nini kuhusu ndoo. Aliponiona akaliacha la ndoo. Akasogea, akafuta unga kwenye kidole gumba chake, akabonyeza mahali pengine, chini kidogo. Tukasubiri wote wawili. Shimo la pili likabaki kama la kwanza. 

"Vaa," wifi akasema. "Tunaondoka."

Mume wangu alikuwa ameingia, anakagua kazi ya fundi, amefurahi. Tanuri lingewashwa kesho yake. Wifi akamwambia tunakwenda hospitali, akamwambia na sababu bila kuzunguka.

"Leo leo?" akauliza. "Kesho tunawasha, wateja wameshaambiwa. Tuwashe, halafu keshokutwa nawapeleka mwenyewe. Haraka haraka haina baraka."

"Kaka, ngoja ngoja huumiza matumbo," wifi akasema. "Na hili si tumbo."

Kaka mtu akanitazama mimi. Mume wangu si mtu mbaya. Ni mtu anayependa mambo yaende kwa zamu.

"Baba watoto," nikamwambia, "nilikuwa nasema ni moto. Moto umezimwa, na mimi siku zote hizi sijapoa. Sasa hivi."

Akachukua ufunguo wa gari.

Zahanati waliniambia nikae nisubiri zamu yangu. Nilikaa, lakini nilikaa mahali ambapo daktari akifungua mlango lazima agongane na magoti yangu. Alipofungua, akanitambua.

"Dozi nimemaliza," nikamwambia kabla hajanisalimia. "Moto tumezima zaidi ya wiki. Busu la wifi limeondoka, la shavuni kwangu limeondoka, la titi limezidi. Ngozi imekuwa kama chungwa, chuchu inaingia ndani, na kinundu hakuna. Bonyeza uone."

Alibonyeza. Aliangalia kwapani pia, akakuta tezi imevimba. Hakunigombeza kwa kuchelewa ingawa nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Alikaa chini akapiga simu hospitali kubwa, akasema jina la ugonjwa anaoushuku, akasema mgonjwa huyu hapangiwi mwezi ujao. Nilimsikia akirudia, "Hapana. Wiki hii."

Hospitali kubwa wakanipiga picha za matiti. Wakaniangalia kwa ultrasaundi. Wakatoa kinyama kidogo kwa sindano na kipande cha ngozi chenyewe, kidogo kama kucha. Mtaalamu wa kansa, mzee mwenye miwani inayoteleza puani, alituita ofisini majibu yalipotoka. Wifi alikaa kulia kwangu, mume wangu kushoto.

"Ni kansa ya titi," akasema, "lakini si ile mliyoizoea. Hii hufanana na uvimbe wa maambukizi, ndiyo maana hudanganya watu. Mara nyingi haitengenezi kinundu. Inaingia kwenye vijia vidogo vinavyopitisha maji ndani ya ngozi ya titi na kuviziba. Titi linavimba, linapata joto, linabadilika rangi, ngozi inakuwa kama ganda la chungwa. Na yote hayo huja kwa wiki, si kwa miaka."

Mume wangu alikuwa amenishika mkono, na mkono wake ulikuwa umelowa. Mimi nilikuwa na swali moja tu.

"Daktari, mimi ni mwokaji. Donge likipitiliza tunalijua, na halina dawa. Niambie ukweli. Nimechelewa?"

Akasukuma miwani yake. "Ugonjwa huu unakimbia, mama, sitakudanganya. Umeshafika kwenye tezi za kwapani. Lakini tumetafuta kwenye mapafu, kwenye ini, kwenye mifupa, na hatujaukuta. Ungengoja miezi mingine michache, tungekuwa tunazungumza mazungumzo mengine. Leo tuna kazi ya kufanya na tunaweza kuifanya. Ni dawa za dripu kwanza, halafu upasuaji, halafu mionzi. Titi hilo halitabaki."

"Lichukueni," nikasema. "Limeshanitukana vya kutosha."

Wifi akacheka, kisha akaangua kilio palepale ofisini, na mzee wa watu akamsogezea boksi la karatasi laini bila kuacha kuandika.

Sitasema kwamba ilikuwa rahisi, maana nikisema hivyo wifi atanisuta. Dripu zile zilinitapisha mpaka nikachukia harufu ya mkate, mimi, harufu niliyolelea watoto. Nywele zilinitoka zote. Wifi akasema afadhali, sasa wateja hawatalalamika kukuta unywele kwenye mkate. Yeye ndiye aliyeshika ubao miezi yote ile. Mume wangu akaingia kukanda, na kwa mujibu wa wifi alikanda kama mtu anayemtuliza paka. Mikate ilitoka imejikunja, lakini ilitoka. Kuna siku nililala nimeelekea ukutani, sitaki kuongea na mtu, na walikuja wakakaa nami bila kuongea. Wifi kukaa bila kuongea ni sadaka kubwa, wenye kumjua wanaelewa.

Dawa zilipofanya kazi, titi lilianza kupoa. Ngozi ikalainika. Daktari wa upasuaji akafurahi, akalitoa. Kwenye mionzi, kijana wa mashine alinieleza kwa upole kwamba ngozi ya upande huo itaiva kidogo, isinishtue.

"Mwanangu," nikamwambia, "upande huo umezoea."

Nilirudi bekari siku nilipopata nguvu ya kusimama. Wifi alikuwa mdomoni mwa tanuri jipya, shavu la kulia limeiva, mkono umeiva. Akaniambia kwa mzaha kwamba sasa busu lote ni lake, limeshuka mpaka kifuani. Sikucheka. Nikamnyang'anya ubao.

"Kaa kwenye unga," nikamwambia. "Usisogee motoni mpaka nikuambie."

"Wifi, umeanza!"

"Nimeanza. Kaa."

Alilalamika kila siku, na kila siku nilimkagua. Rangi ikafifia, ikaisha. Nikamrudishia ubao. Tangu hapo hiyo ndiyo sheria ya bekari yetu, na wanawake wanaokuja kununua mkate nawaambia palepale kwenye meza ya mauzo bila aibu, hata mume wangu akijifanya anahesabu trei. Busu la tanuri huondoka ukipumzika. Lisiloondoka si busu. Titi likibadilika rangi, likavimba, likawaka, dozi ikaisha nalo halijapoa, usikae kutafuta kinundu. Nenda, na ukifika usikubali kurudishwa nyumbani na swali lako. Wengine wananiona nina mdomo mrefu. Naam, ninao.

Wiki iliyopita ilikuwa zamu yangu ya kwenda kupimwa tena. Picha, damu, maswali, mikono baridi ya mzee mwenye miwani. Nilikwenda peke yangu, nilitaka iwe hivyo. Niliporudi wifi alikuwa mezani, donge kubwa mbele yake limefunikwa kitambaa. Aliniona nikiingia. Mtu ambaye hajawahi kukosa la kusema aliinamisha kichwa akaanza kuufuta unga usiokuwepo.

Nikavua kanga ya kichwani, nikanawa mikono. Nikamshika mkono wake, nikafungua kifungo cha juu, nikaweka kidole gumba chake kwenye kifua changu, upande ulio bapa, kando ya kovu. 

"Bonyeza," nikamwambia.

Akabonyeza. Akaachia. Tukainama wote wawili kutazama, kama tulivyozoea kuliinamia donge.

"Inarudi," akasema. Akabonyeza tena, kwa nguvu kidogo. "Wifi, inarudi haraka."

"Sasa donge likirudi haraka tunafanyaje?"

Machozi yalikuwa yanamtiririka na kuchora njia kwenye unga wa mashavuni. "Tunaliacha mezani," akasema. "Bado halijafika wakati wa kwenda motoni."

"Mzee wa miwani naye kasema hajaukuta popote. Basi niache," nikamwambia, nikafunga kifungo, nikafunua kitambaa, nikaanza kukata madonge.